Bibi na damu ya kuazima

Bibi yetu kwao Pangani. Alipogundulika ana sukari watoto wake wakakaa kikao wakaamua aje Dar awe karibu na hospitali, na kwa vile mimi nafanya kazi zangu za kompyuta nyumbani ukoo mzima ukakubaliana kwamba sina kazi. Ndo nikawa nesi hivyo. Shangazi aliyeko Muscat akatuma mashine ya kupimia sukari na boksi la stripu, baba mdogo akafungua grupu la WhatsApp la afya ya Bibi, wengine wakachangia vile vikatuni vya mikono ya dua. Vingi sana. Hela ya dawa hapo sasa kila mtu mtandao unamsumbua.

Kuuguza mzee nyie msikie tu kwa watu. Mchana unagombana naye chakula, usiku akienda chooni unaamka naye maana akidondoka grupu litauliza ulikuwa wapi, akikohoa huli usingizi, asipokohoa ndo balaa zaidi unaenda kuchungulia kama anapumua. Siku moja nimeinama pale namsikiliza akafumbua jicho moja akaniambia, "Urithi bado, kalale."

Sasa Bibi na sukari ni ndugu. Chai isiyo na sukari anaita maji ya kusuuzia sufuria. Daktari alisema asubuhi kabla hajala isome kati ya 4 na 7, nikasema sawa nitakuwa nampima. Akagoma, eti yeye hatobolewi kidole na mwanaume hata kama mwanaume mwenyewe ni mume wake (mimi mjukuu ndo huyo mume, si mnajua mambo ya bibi zetu), atajitoboa mwenyewe chumbani pazia likiwa limeshuka. Nikamfundisha. Akashika haraka mpaka nikajisifia. Kila asubuhi mashine inatoka nje inasoma 5.2, kesho 5.4, keshokutwa 5.1, napiga picha natupia grupu, shangazi anarudisha voisi ndefu ya kumshukuru Mungu na kunisifia mimi kidogo mwishoni.

Kitu kimoja ndo kilikuwa kinanitatiza. Boksi lina stripu 50, ukipima mara moja kwa siku linakaribia miezi miwili, letu likaisha mapema kabisa pamoja na visindano vyake. Bibi akasema mikono inamtetemeka zinaharibika. Nikanunua nyingine kwa hela ya luku.

Ramadhani ikaingia. Bibi hafungi, daktari kakataza na sheikh naye kampa ruhusa. Siku hiyo asubuhi nilikuwa na kikao na bosi kwenye simu kwa hiyo tukapima alasiri. Mashine ikatoka 3.7.

Nikachanganyikiwa. Daktari alishasema ikishuka chini ya 4 mzee anaweza kuzimia, mpe kitu cha sukari hapo hapo, subiri dakika 15, pima tena. Nikatoka mbio mpaka dukani, narudi na soda mkononi mchana kweupe wa Ramadhani, kijiwe kizima kinapiga kelele "kobe huyooo" na mimi nimefunga jamani! Bibi akanywa yote bila kuweka chini. Dakika 15 akaingia ndani kupima, 3.6.

Yaani imeshuka. Nikaongeza soda ya pili, asali, na tende tulizoweka za futari. Akapima, 3.6 ile ile. Nikamuuliza Bibi unajisikiaje, akasema, "Mume wangu, leo najisikia raha sijapata kuona." Mimi nikajua ndo anaanza kuweweseka, daktari alisema ikishuka sana mtu anaongea vitu havieleweki. Nikaita bajaji.

Hospitali nesi akamtoboa pale pale mbele za watu. 22.

"Huyu bibi kala nini?" Bibi akawahi kujibu, sauti ya kigonjwa kabisa, "Mume wangu huyu kaninywesha soda mbili na asali, mimi namwambia inatosha." Foleni nzima ikanigeukia. Nesi akaniuliza kama nina akili timamu. Nikatoa picha za kwenye simu, nikatoa mashine, akaichukua akampima Bibi nayo, ikasoma 21.8, maana yake mashine nzima. "Sasa hii 3.6 ni ya nani?" Bibi akajifunika kanga usoni akaanza kuvuta uradi.

Wakamlaza, dripu na insulini. Nikarudi nyumbani kuchukua shuka, magharibi inaadhiniwa, namkuta mlangoni mtoto wa jirani, ana miaka minane, mtaani tunamwita Sheikh kwa sababu mwaka huu ndo amekomaa kufunga mpaka jioni. Anaulizia pipi zake. Pipi gani? "Za damu. Bibi kasema leo nimetobolewa mara tatu na nimefunga, kwa hiyo ni dabo."

Kumbe kila asubuhi kidole kinapitishwa kwenye nondo za dirisha la uani. Na dirisha hilo hilo ndo vitumbua vinapoingilia. Nikamuuliza sindano mnachangia? Akaniambia hapana, Bibi msafi, kila mtu na yake, hata wakati ule anawapima watoto wote wa uani kutafuta mwenye damu nzuri. Ndo stripu zangu za luku hizo. "Wenzangu walifeli," akasema, kifua mbele.

Nikarudi hospitali nimefura, njia nzima napanga maneno. Nafika kitandani, dripu inatembea, sijafungua mdomo, Bibi akaniwahi: "We baba, yule mtoto umempa cha kufuturia? Sukari yake iko chini yule."