Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Nimechoka kusoma tathmini za kaunti za pwani zinazoanza na bei ya ekari na upepo mwanana, kisha zinamaliza suala la maji kwa mstari mmoja: "kisima kipo." Kipo, sawa. Mwisho wa kiangazi kina maji gani? Anayehamia huko kulima, kufuga na kujitegemea siku ya dharura hana swali kubwa kuliko hilo.

Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafurahisha hadi uigeuze: pampu ikishusha maji nusu mita kwa muda mrefu, chumvi inaweza kupanda mita 20. Ndiyo maana kuongeza kina, dawa ya kisima kilichokauka bara, huku pwani ni kuifuata chumvi ilipo. Visima vifupi viwili vitatu vinavyotekwa kidogo kidogo ni salama kuliko kirefu kimoja chenye pampu kubwa.

Basi usipime maji wakati wa mvua. Nenda kiangazi kikiisha, siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa. Pima chumvi kabla ya kuwasha pampu, halafu kila saa, kwa saa nne au zaidi. Kipimo kikizidi kupanda, achana na kiwanja hicho, hata kama ndoo ya kwanza ilikuwa tamu. Mililita 400 za maji ya bahari katika ndoo ya lita 20 zinatosha kuharibu ladha, na kuchemsha hakuondoi chumvi.

Akiba ya kweli ni paa. Watu 5 kwa lita 15 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 120, ni lita 9,000, bila mifugo wala bustani. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 200 za mvua, robo hadi moja ya tano ikipotea, linajaza tangi la kiasi hicho. Lita 60 za mwanzo zimwagwe, zina vumbi na kinyesi cha ndege.

Kiwanja kinachofikiwa kwa barabara moja yenye daraja moja kina kasoro nzito pia: daraja likikatika, huna njia. Samaki wapo, nakubali, na mabonde ya mito yana rutuba, ila mabonde hayohayo ndiyo hufurika.

Bahari ikiingia kisimani, usisukume maji mfululizo ukidhani unakisafisha. Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, visima vya pwani ya Sri Lanka vilivyosukumwa mno vilikuwa hatarini kuvuta chumvi zaidi kutoka chini. Toa tope na uchafu polepole, weka klorini kwa ajili ya vijidudu, kisha tumia maji ya tangi hadi mvua isukume chumvi, kazi inayoweza kuchukua miezi.