Faili Moja, Mapengo Matatu

Miaka kadhaa nyuma bosi wangu aliniagiza nimtafutie namba moja tu: hapa kwetu wanawake wanalipwa pungufu ya wanaume kwa kiasi gani? Nikafungua faili la mishahara kwenye Excel. Hapa nimezipunguza hesabu ziwe nyepesi. Wanaume 4: mameneja 2 wa milioni 3, makarani 2 wa laki 8. Wanawake 6: meneja 1 na makarani 5, kwa viwango vilevile.

Kwa wastani mwanaume anapata milioni 1.9, mwanamke kama milioni 1.17. Pengo asilimia 39. Wapange kila jinsia kivyake kuanzia mshahara wa chini, umtazame wa katikati (ndiyo mediani; wakiwa wawili, chukua wastani wao), pengo linaruka hadi 58. Linganisha meneja kwa meneja, karani kwa karani: sifuri. Faili ni lile lile, na hakuna aliyedanganya.

Wachumi Oaxaca na Blinder, kila mmoja kivyake, walichapisha mwaka 1973 njia ya kuligawa pengo: sehemu inayoelezeka kwa elimu, uzoefu, cheo na kadhalika, na sehemu inayobaki bila maelezo. Watu huiita hiyo iliyobaki ubaguzi, ile ya kwanza wakaisamehe. Hapo ndipo ninapogoma. Cheo hakinyeshi na mvua. Kama mama wa watu alinyimwa umeneja kwa sababu ya mimba, ukishasawazisha vyeo umeufuta ubaguzi wenyewe, kisha unashangaa huuoni.

Uingereza, kwa sheria ya 2017, mwajiri mwenye watu 250 au zaidi hutangaza pengo la wastani na la mediani, pia asilimia ya wanawake na wanaume katika kila robo ya ngazi ya mishahara. Robo hizo ndizo ninazozipenda, kwa sababu zinaonyesha nani amekaa wapi. Lakini nazo zinachezeka. Wahamishie makarani 3 wa kike kwa wakala wa ajira, wasihesabiwe tena kwetu, na pengo letu la wastani linashuka kutoka 39 hadi 19 bila mtu kuongezwa hata shilingi. (Italia pengo ni dogo kuliko Ujerumani, ila wanawake wengi zaidi hawamo kazini, kwa hiyo hawahesabiwi.)

Bosi nilimpelekea namba zote tatu. Kwenye slaidi za kikao cha bodi niliiona moja: sifuri.