Propani, butani, na mtungi wa mama mdogo kule Makete

Julai moja mama mdogo alinipigia kutoka Makete, kule kwenye baridi ya Njombe, asubuhi asubuhi, shikamoo yenyewe hata hajaitikia vizuri, "Mwanangu ile gesi uliyoninunulia imeisha, wiki mbili tu, umeibiwa wewe." Nikamwambia tikisa mtungi, akasema mbona kuna kitu kinacheza ndani kama maji. Saa saba mchana akapiga tena anacheka, gesi imerudi yenyewe bila fundi.

Sasa wale wanaosema gesi ni gesi tu waanzie hapo. Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, imebanwa mpaka ikawa maji, na kinachowaka kwenye jiko ni ule mvuke unaochemka juu ya hayo maji. Propani inachemka hata kwenye baridi ya hasi 42, butani ikifika hasi 0.5 inagoma. Halafu propani ndo inayotangulia kutoka kwa wingi, kwahiyo mtungi ukienda chini unabaki na butani nyingi, na ukipika muda mrefu mtungi wenyewe unajipoza mpaka unatoa jasho. Makete mwezi wa saba kuna siku unaamka majani yana barafu, sasa hiyo butani iliyobaki chini itachemka na nini? Jua likipanda, na yenyewe inapanda.

Ila kwa mtu wa Dar, Tanga au Mombasa huu ubishi wa propani na butani kwa kweli hauna maana. Kilo kwa kilo moto wa hizi gesi mbili unakaribia kulingana, tofauti haifiki hata asilimia 3, na kwenye joto la nyuzi 30 zote zinachemka bila kubembelezwa. Mtu wa pwani asumbuke na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, weka juu ya mizani, toa huo uzito wa mtupu, uone kama kilo 6 zako au 15 zimetimia, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, wameshasema sana wauzaji wawe na mizani na bado unakuta mtu anapokea mtungi mlangoni kwa bodaboda anaupima kwa mkono. Na ule mchezo wa kuulaza mtungi ubavu ili umalizie ya mwisho, tuache jamani, unapeleka maji ya gesi kwenye regulata badala ya mvuke, moto ukiruka hapo usiseme hukuambiwa.

Kwenye kambi ndo mambo yanakuwa matamu. Kuna vile vikopo virefu kama vya dawa ya mbu, vya jiko la mkobani, vingi ni butani. Vipo na vile vifupi vinene vya kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, humo mara nyingi kuna isobutani, binamu yake butani anayechemka mpaka karibu hasi 12, na propani kidogo. Ukienda kulala Lushoto au ufukweni Pangani, kopo refu linatosha kabisa na ni la bei rahisi, mimi natumia hilo. Ukipanda Kilimanjaro wenye vikopo vifupi watakucheka, na hapa siwaungi mkono moja kwa moja, maana pale kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushee, hewa ni nyepesi kwahiyo butani nayo inachemka kwenye baridi kali kuliko ile hasi 0.5 ya usawa wa bahari. Kwahiyo anayesema butani iliwaka mlimani hadanganyi. Shida ni ule usiku ukiwa hasi 10, kopo linajipoza huku linawaka, na maji yenyewe huko juu yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, yaani wali unakaa motoni mpaka ukate tamaa, sasa moto dhaifu juu ya hayo yote ni mateso. Huko bora ya mchanganyiko, au mtungi kabisa kama mna wapagazi.

Kitu ambacho sitaki hata kubishana ni kujaza vikopo vya butani kwa gesi ya mtungi wa nyumbani, kuna watu wanauza hadi vifaa vyake. Kwenye nyuzi 30 propani inasukuma kwa mgandamizo wa kama bar 10, butani haifiki hata 3, na lile kopo ni bati jembamba lililotengenezwa kwa ajili ya butani. Uweke kwenye buti ya gari juani… hapana.

Sasa akiba ya dharura, mvua zikikata barabara au umeme ukienda siku tatu. Wenye mkaa wana hoja, gunia halivuji wala halitaki regulata, ila mvua hizo hizo zinalilowesha, na ukiuwasha ndani umefunga madirisha ile hewa yake inaua bila harufu. Mafuta ya taa nayo yananuka mpaka kwenye chai. Gesi haiozi, ukae nayo miaka ni ile ile, kinachozeeka ni mpira na regulata. Kwahiyo mimi nasimama na gesi, lakini sio na rundo la vikopo, hasa pwani, chumvi inakula bati hujui lini. Afadhali mtungi mkubwa wa kupikia na wa kilo 6 wa pembeni wenye kichwa chake cha kupikia juu, na rangi iwe ya kampuni inayopatikana duka zaidi ya moja hapo mtaani.

Swali linabaki utauweka wapi. Hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni kama maji na kutafuta pa chini, kwahiyo stoo ya chini ya ngazi, uvungu wa kitanda, shimo lolote, hapana. Mimi wa akiba uko nje nyuma ya jiko, umesimama, una kivuli, una kufuli. Mama mdogo yeye kaweka wake chumbani kwake kwa sababu ya wezi, na hiyo kesi mpaka leo hatujaimaliza.