Duara Jeupe Mezani Halitaki Msasa

Sufuria ya wali imetoka jikoni ikawekwa moja kwa moja juu ya meza ya mninga. Inapoinuliwa, pale ilipokaa pamebaki duara jeupe. Kesho yake anaitwa fundi na mashine ya msasa, meza nzima inakwanguliwa mpaka mbao ionekane, inapakwa vanishi, na mwenye nyumba analipia kazi ya siku tatu kwa doa ambalo mara nyingi lingeondoka kwa nusu saa. Napinga utaratibu huu kwa nguvu zote. Rangi ya mninga iliyokolea kwa miaka inaondoka na vumbi. Na kama juu ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililogundishwa juu, ambayo nyingi hazifiki unene wa milimita moja, mashine inaitoboa kabla fundi hajashtuka.

Weupe ule ni unyevu tu. Joto limelainisha laka, lile tabaka angavu lililopakwa juu ya mbao, mvuke umeingia ndani yake ukanaswa humo, na mbao ya chini haijaguswa. Doa la kuogopa ni jeusi. Hilo maana yake maji yamepenya mpaka kwenye mbao, na mara nyingi yamekutana na chuma, labda kopo lenye kutu au kichwa cha msumari, chuma kikashikana na tanini, kemikali ya asili ya mti. Jeusi halitoki bila kuondoa laka. Jeupe linatoka.

Ila kwanza jua meza imepakwa nini. Chagua sehemu iliyojificha, mfano ukingo wa chini, uisafishe kwa waiti spiriti, ile ya kuoshea brashi za rangi, ili nta na mafuta viondoke. Weka pamba yenye tone la spiriti (metiletedi, si ile ya kusafishia vidonda, maana nyingine huchanganywa na mafuta) kwa dakika moja. Pakinata kama gundi, hiyo ni shelaki, aina ya laka inayoyeyuka kwa spiriti. Pakibaki pakavu, jaribu tone la tina, kile kiyeyusho cha rangi, mahali pengine palipojificha. Pakiyeyuka na kuwa laini, ni laka ya tina, ile inayopulizwa kwa kompresa kwenye karakana nyingi, iwe Keko ya Dar es Salaam au Ngong Road ya Nairobi. Pakijikunja mikunjo au pasifanye kitu, ni vanishi ya poliyurethini au laka ya kuchanganya na kigumu chake.

Kwa laka ya tina, chukua kitambaa cha pamba, kikunje, kidondoshee spiriti kidogo mpaka ukikigusisha nyuma ya mkono usikie ubaridi lakini usione maji. Pitisha juu ya duara mara moja, kwa wepesi, kama mtu anayefukuza inzi. Subiri dakika mbili, rudia. Weupe utafifia polepole. Kosa la wengi ni kusugua kwenda na kurudi: laka inalainika, nyuzi za kitambaa zinaganda ndani yake, na sasa una doa baya kuliko la mwanzo. Kwenye shelaki usithubutu njia hii, maana spiriti ndiyo inayoiyeyusha. Hapo tumia joto: mashine ya kukaushia nywele, sentimita 20 juu ya meza, ukiizungusha bila kutulia mahali pamoja, na uache mara tu uso unapokuwa moto mkononi. Kwa vanishi pia anza na joto.

Likibaki kivuli, chekecha majivu ya mkaa kwa kitambaa chepesi, changanya na mafuta ya kula yawe uji mzito, usugue kwa kidole ukifuata nyuzi za mbao kwa dakika moja au mbili. Futa, angalia, rudia. Majivu ni msasa laini sana, na kwa kazi hii nayaamini kuliko dawa ya meno, ambayo ugumu wake hutofautiana kutoka chapa hadi chapa. Mng'ao wa pale utakuwa umepungua. Ulinganishe kwa nta ya samani.

Mkwaruzo uliochimba laka ni habari nyingine, na hapo aina ya laka ndiyo inayoamua. Laka ya tina ikipakwa juu ya ya zamani huiyeyusha kidogo, zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kiraka kinawezekana: jaza kwa brashi nyembamba, tabaka jembamba, saa moja au mbili katikati, mpaka paote kauvimbe kadogo. Kesho yake sawazisha kwa msasa namba 400 na maji ya sabuni, kisha 600. Vanishi ya poliyurethini haishikani hivyo. Inahitaji mikwaruzo ya msasa 320 ili ing'ang'anie, na ukipaka kiraka, mpaka wake utaonekana kila taa ikiwaka. Afadhali kusugua kidogo uso wote wa juu, ukingo hadi ukingo, na kupaka tabaka moja zima.

Wanaopuliza laka msimu wa masika, hasa pwani, waahirishe. Tina inapopaa haraka huupoza uso wa meza, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na laka inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Kuna tina ya kuchelewesha ukaukaji, na inasaidia, lakini siku kavu inasaidia zaidi.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni dawa za kung'arishia samani zenye silikoni. Meza inametameta wiki nzima, lakini siku ya kupaka upya, laka inakimbia na kuacha vishimo vidogo vya duara, ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Kuongeza laka juu yake hakuvizibi. Inabidi kuosha kwa waiti spiriti mara tatu au nne, kila mara kitambaa kipya, kisha kufunika kwa tabaka jembamba la shelaki isiyo na nta kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo kuna ile plastiki nene inayotandikwa juu ya meza ili kuilinda. Plastiki laini ina vilainishi ambavyo huhamia kwenye laka, na laka ya tina inavipokea vizuri sana: inakuwa ya kunata, inashika alama ya kila sahani, na unyevu uliopita pembeni unabaki chini kwa miezi bila pa kutokea. Ukiikuta imeshaganda, usiivute kwa nguvu. Ipashe joto kidogo, uinue kutoka pembeni taratibu. Vanishi mpya ya poliyurethini huchukua kama mwezi mzima kukomaa hata ikiwa kavu mkononi siku ya pili, basi mwezi huo usitandike kitu chochote. Ukipita, tandika kitambaa cha pamba, na chini ya sufuria weka kibao au mkeka wa ukindu mkavu. Vitambaa ulivyopakia vanishi vianike nje vikiwa vimetandazwa, kamwe usivirundike kwenye ndoo, maana mafuta yake yakikauka hutoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe.