Kambi za Mapumziko: Tujenge Kiasi Gani Kabla Pori Halijageuka Mtaa?

Mpango wa eneo jipya la kupigia kambi ukiwekwa mezani, waliomo chumbani hugawanyika mapema. Upande mmoja unataka barabara ya lami, vyoo vya kuvuta, mabafu ya maji moto na umeme kwenye kila egesho la karavani. Upande wa pili unaona huko ni kuhamishia mtaa porini: wekeni changarawe, choo cha shimo na bomba moja la maji, basi. Pande zote mbili zina hoja, lakini kwa kawaida hubishania kinachoonekana juu ya ardhi. Fedha nyingi na makosa mengi yamejificha kwenye udongo, maji ya mvua na majitaka, na ukianza kuhesabu huko, kila upande unakuta baadhi ya hoja zake zimepwaya.

Tuanze na hoja kuu ya wanaotaka ujenzi mwepesi, kwamba ukijenga kidogo unaharibu kidogo. Kwa ardhi inayokanyagwa, mambo hayaendi hivyo. Watafiti wa athari za utalii wa nje wamepima mara nyingi uoto wa mahali pa kulala mahema, na wakakuta kwamba sehemu kubwa ya nyasi na miche hufa katika siku chache za mwanzo za matumizi. Baada ya hapo kila mgeni huongeza uharibifu kidogo tu. Maana yake, wageni mia wakilala mahali pamoja palipoandaliwa huacha kovu dogo kuliko wageni haohao wakitawanyika na kila mmoja kujichagulia kivuli chake. Kambi isiyojengwa haibaki ndogo. Hutambaa: gari la kwanza huegesha kando ya mti, la pili hulizunguka, na baada ya msimu mmoja kuna njia tatu palipokusudiwa moja.

Jambo hilo lilionwa zamani. Nchini Marekani, mtaalamu wa magonjwa ya mimea E. P. Meinecke alichunguza miti mikubwa iliyokuwa ikinyong'onyea kwenye maeneo ya kambi, akaona tatizo liko miguuni mwake: magari na watu walikuwa wameushindilia udongo hadi hewa na maji vikashindwa kuifikia mizizi. Mwaka 1932 alipendekeza barabara ya mzunguko ya njia moja, yenye matawi mafupi ya kuegesha, kila tawi likizungushiwa mawe au magogo ili gari lisitoke nje yake. Kikosi cha Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali ya huko wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira, kilichofanya kazi kati ya 1933 na 1942, kilijenga kambi nyingi kwa mfumo huo, na hadi leo hakuna mpangilio ulioushinda kwa uwazi.

Vipimo vyake vya sasa si siri. Njia moja ya mzunguko hutosha ikiwa na upana wa mita 3 hadi 3.6, ikiwa magari yatapishana, andaa mita 5.5 au 6. Tawi la kuegesha hukaa kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 kwa barabara, mdomo wake ukielekea magari yanakokwenda, ili dereva mwenye trela arudi nyuma mara moja akatulia. Wachoraji wa majengo hupenda kuliweka kwa nyuzi 90 kwa sababu linapendeza kwenye karatasi. Matokeo yake ni trela kupanda juu ya mizizi ya mti wa upande wa pili. Gari dogo lenye hema linahitaji tawi la mita 9 hadi 12, karavani mita 15 hadi 18. Mteremko wa tawi usizidi asilimia 2 au 3, la sivyo mgeni atalala kichwa chini. Jukwaa la hema la mita 4 kwa 4 huinuliwa kidogo, hujazwa kokoto laini zisizozidi milimita 10 kwa kina cha milimita 100 hadi 150, na huachiwa mwinamo wa asilimia 1 hadi 2 maji yatoke. Mchanga mtupu haufai: haushiki kigingi.

Na miti? Kanuni ya kawaida ni kuchukua kipenyo cha shina, kuzidisha kwa 12, na kuacha duara la nusu-kipenyo hicho bila kuchimbwa wala kushindiliwa. Shina la sentimita 50 linadai mita 6 kila upande. Kanuni hii peke yake hufuta maegesho mengi yaliyochorwa na mtu asiyefika uwandani.

Mpaka hapo wanaotaka ujenzi mzito wanaonekana kushinda. Hesabu ya mvua inawarudisha nyuma. Chukua hekta moja yenye mzunguko wa mita 400 kwa upana wa mita 3.6, na matawi 20 ya mita 14: eneo gumu ni takribani mita za mraba 2,450, yaani robo ya hekta. Mtiririko wa maji hupatikana kwa kuzidisha mgawo wa utiririshaji (sehemu ya mvua isiyonyonywa na ardhi), ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha kugawanya kwa 360; jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Mvua ikinyesha kwa kiwango cha milimita 60 kwa saa, hekta hiyo ikiwa pori tupu lenye mgawo wa 0.2 itatoa lita 33 kwa sekunde. Robo ile ikiwekwa lami yenye mgawo wa 0.9, zitakuwa lita 62. Karibu mara mbili, kwa kugusa robo tu.

Wapenda changarawe wasishangilie. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri, yenye mgawo wa 0.6 hivi, itatoa lita 50. Dhana kwamba changarawe hunyonya maji kama ardhi ya asili ni kosa linaloigharimu miradi mingi, kwa sababu mtu akiiamini hupunguza mitaro. Kinachoweza kupitisha maji ni kokoto zilizo wazi, zisizo na vumbi, na hizo magurudumu huzitawanya kando mwa barabara ndani ya muda mfupi.

Safu ya juu ya barabara ya changarawe inahitaji vumbi lenye unata, takribani asilimia 8 hadi 15 ya uzito, ili ijifunge. Safu ya msingi iliyo chini ya lami inataka kinyume chake: vumbi kidogo, ili maji yasikae. Mkandarasi akitumia nyenzo moja kwa kazi zote mbili, moja itaharibika. Changarawe isiyo na unata huanza kuota mikunjo kama ya bati, hasa kwenye kona na mahali pa kushika breki. Yenye unata kupita kiasi huwa utelezi mvua ikinyesha. Uso wa changarawe unahitaji mgongo katikati, wenye mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kwenda kando, wakati lami inatosheka na asilimia 2. Greda likija mara mbili tatu bila msimamizi, mgongo hutoweka na barabara yenyewe inageuka mtaro.

Unene wa changarawe wa milimita 150 hadi 200, ukishindiliwa kwa tabaka zisizozidi milimita 150 mpaka ufikie asilimia 95 ya msongamano wa juu unaopatikana maabara kwa kipimo cha Proctor, unabeba magari ya wageni bila shida pale udongo wa chini ulipo imara. Kwenye mfinyanzi wenye CBR (kipimo cha nguvu ya udongo ya kubeba mzigo) chini ya asilimia 3, kokoto huzama taratibu na tope hupanda. Kitambaa cha jiotekstaili kilichotandazwa kabla ya kumwaga kokoto hugharimu kidogo kuliko kuleta tipa nyingine kila mwaka. Kalvati lisiwe chini ya milimita 450, hata kama hesabu inasema 300 inatosha, kwa sababu bomba jembamba huzibwa na majani na hakuna anayeweza kulisafisha. Mdomo wake wa chini uwekewe mawe. Bila mawe, maji yatachimba korongo kurudi hadi chini ya barabara.

Kwa maoni yetu lami ina haki yake mahali pachache: kwenye miteremko inayozidi asilimia 8 hivi, kwenye njia panda, na mlangoni magari yanapopunguza mwendo. Kuimwaga kwenye mzunguko mzima huleta tatizo jingine ambalo wahandisi huwaachia askari wa mbuga: magari huongeza kasi palepale watoto wanapoendesha baiskeli.

Kwenye majitaka ndiko pande hizi mbili zinatengana kweli, na namba ndizo zinazosema. Kambi yetu ya maegesho 20, watu wanne kila moja, ikijaa ina watu 80. Mgeni mwenye choo cha kuvuta na bafu hutumia lita 75 hadi 150 kwa siku. Tuchukue 100: lita 8,000 za majitaka kila siku. Tangi la septiki la vyumba viwili lenye kuyatunza kwa siku mbili litakuwa la mita za ujazo 16. Baada ya tangi majitaka yanahitaji mitaro ya kunyonyea, yaani mitaro iliyofukiwa inayoyaachia yapenye udongoni, na ukubwa wake huamuliwa na udongo. Tifutifu inayopokea lita 20 kwa mita ya mraba kwa siku itadai mita za mraba 400. Udongo mzito unaopokea lita 10 utadai 800. Ongeza eneo la akiba la ukubwa uleule, kwa sababu mitaro huziba baada ya miaka. Katika udongo mzito, eneo lote hilo linazidi barabara nzima ya mzunguko, halipandwi miti, halipitiwi na magari.

Kipimo cha unyonyaji, cha kuchimba mashimo na kuona maji yanazama kwa kasi gani, kinafanywa ovyo kuliko vyote. Mashimo yanatakiwa yalowekwe usiku kucha kabla ya kupima, kwa sababu mfinyanzi mkavu una nyufa na hunywa maji kwa uongo. Pia kipimo cha kiangazi hakisemi lolote kuhusu maji ya ardhini masika. Chini ya mitaro panatakiwa kubaki angalau mita 0.9 hadi 1.2 ya udongo usiofikiwa na maji hayo, na kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka hapo. Kambi ina tabia nyingine inayoushangaza mfumo: hukaa tupu wiki nzima, kisha hujaa sikukuu. Bakteria waliodhoofika kwa njaa hupokea mzigo wa siku tatu kwa mkupuo. Tangi la kusawazisha lenye pampu inayotoa maji kidogo kidogo hutatua hilo, ila nalo linataka umeme na fundi. Na karavani zikiruhusiwa kumwaga matangi yao yenye dawa kali humo, bakteria watakufa kabisa. Zipewe tangi lao la kunyonywa na gari.

Linganisha na choo kikavu cha tangi la zege lisilovuja. Watu walewale 80, kila mmoja akikitumia mara nne kwa siku na kuacha robo lita kila mara, huacha lita 80. Lita 80 dhidi ya 8,000. Tangi la lita 3,800 linachukua siku 47 za kambi iliyojaa. Harufu, ambayo ndiyo hoja ya kila mpingaji, mara nyingi ni kosa la ujenzi: bomba la hewa liwe pana, la milimita 300, jeusi, upande wa jua, na lipite juu ya kilele cha paa, huku tundu la kuingizia hewa likielekea upepo unakotoka. Jua hupasha bomba, hewa hupanda, na hewa ya chumbani huvutwa kushuka kwenye kiti badala ya kupanda. Bomba likikatwa fupi ili lisionekane, au mti ukilitia kivuli, mtiririko hugeuka. Lakini choo hiki nacho hakiko huru: gari zito la kunyonya lazima lifike karibu, kwa hiyo kipande hicho cha barabara kijengwe kwa uzito wake na si kwa uzito wa gari la familia. Na maji ya kuoshea vyombo bado yanahitaji sakafu ya zege chini ya bomba na shimo la mawe, la sivyo panageuka dimbwi.

Kwa hiyo, bila mabafu, tunachagua choo kikavu. Mabafu yakishaingia, hoja inakwisha: majitaka yapo tayari, na choo cha kuvuta ni nyongeza ndogo.

Watetezi wa ujenzi mzito wana hoja moja isiyopaswa kupuuzwa, nayo ni watu wanaotumia viti vya magurudumu. Njia yao isizidi mteremko wa asilimia 5, na uso uwe mgumu usiozamisha gurudumu. Hilo halidai lami. Mawe yaliyosagwa pamoja na vumbi lake yakishindiliwa yakiwa na unyevu hufanya kazi, mradi yarekebishwe kila baada ya mvua kubwa. Umeme nao ni rahisi kuliko unavyotisha: kebo zifukiwe angalau milimita 600, na kila soketi iwe na kikata-umeme chake cha uvujaji cha miliampia 30, kwa sababu wateja wako wana miguu mitupu juu ya nyasi zilizolowa.

Kuna uamuzi mmoja ambao hakuna kiwango cha ujenzi, kizito wala chepesi, kinachoweza kuurekebisha: mahali penyewe. Wageni wanapenda ukingo wa mto, na eneo tambarare mdomoni mwa korongo ni rahisi kujenga. Utambarare huo umeletwa na mafuriko yaliyopita. Tarehe 7 Agosti 1996, karibu na Biescas nchini Hispania, kijito cha Arás kilifagia kambi iliyokaa juu ya mashapo yake chenyewe na kuua watu 87. Juu zaidi kwenye kijito hicho kulikuwa na mabwawa madogo ya kuzuia mashapo; mengi yalivunjika na kuongeza mzigo wa mawe. Tarehe 11 Juni 2010, mto Little Missouri katika jimbo la Arkansas ulipanda usiku na kuua 20 kwenye eneo la mapumziko la Albert Pike. Meza za mchana na uwanja wa mpira vinaweza kukaa uwandani mwa mafuriko, kwa sababu hakuna anayelala hapo. Mahema yapande juu, hata kama mandhari yatapungua.

Palipo na shaka ya idadi ya wageni, jenga kwa awamu: mitaro, makalvati na mabomba matupu ya kebo kwanza, vikifukiwa wakati barabara bado imefunguliwa, kisha choo kikavu, kisha mabafu miaka ya mbele yakihitajika. Eneo la mitaro ya kunyonyea ya baadaye, pamoja na akiba yake, lichorwe na lizungushiwe magogo tangu siku ya kwanza. Likiachwa wazi bila alama, magari ya sikukuu ya kwanza ndiyo yatakayoegesha hapo, na udongo ulioshindiliwa na magari haunyonyi tena majitaka.