Makinda wa kwenye gemu na kikomo walichoandikiwa

Unamsajili kinda wa miaka 17 kwenye EA Sports FC, gemu la soka, akiwa na kiwango cha 64. Gemu linakudokeza kwamba huyu atakuja kuwa wa pekee, na namba yenyewe ya atakapofikia, yaani kikomo chake, tuseme 88, inapatikana mtandaoni kwa yeyote anayeitafuta. Misimu michache baadaye ni nyota. Wengi hulalamika kwamba makinda hawa wanakua haraka mno. Kwangu kasi si tatizo, kwa sababu mtu anayemaliza msimu mzima ndani ya wiki moja hawezi kusubiri miaka minane. Kinachoharibu uhalisia ni uhakika.

Mtazame Jamie Vardy. Mwaka 2012, akiwa na miaka 25, alitoka Fleetwood Town ya daraja la tano kwenda Leicester City. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa England, na msimu wa 2019/20 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa na miaka 33. Nani angemwandikia kikomo hicho akiwa Fleetwood? Upande wa pili yupo Cherno Samba, aliyekuwa mshambuliaji wa kutisha kwenye gemu la zamani la ukocha, Championship Manager 01/02, lakini uwanjani hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu ya England.

Hata hivyo, watengenezaji wana hoja nzito. Ondoa kikomo, na kila mshambuliaji anayepangwa dhidi ya timu dhaifu atafika 95, kisha usajili wote ukose maana. EA, watengenezaji wa EA Sports FC, walijaribu njia ya kati: kikomo kinapanda au kushuka kulingana na anavyocheza. Ni wazo zuri, ila anayecheza ni wewe. Ukiwa mwepesi wa vidole, kijana wako atafunga kila wiki, na gemu litahesabu mabao yako kuwa kipaji chake.

Football Manager, gemu ambalo wewe ni kocha tu, wamenivutia zaidi hapa. Kila mchezaji ana namba mbili zilizofichwa, uwezo wa sasa na uwezo wa mwisho, zote kwa kipimo cha hadi 200. Baadhi ya makinda hawapewi namba kamili ya mwisho. Wanapewa masafa, na gemu huchagua upya kila unapoanza. Kijana yuleyule anaweza kuwa nyota kwako na mchezaji wa kawaida kwa rafiki yako. Lakini namba ikishachaguliwa hairuhusu kuvukwa, na hapo Vardy mwingine anakwama.

Ningependa kikomo kibaki, ila kisogezwe na mambo yanayosogeza wachezaji kweli: goti kuumia, kocha mpya, kuhamia ligi ngumu zaidi. Mbwana Samatta alipita Simba, TP Mazembe na Genk, na mwaka 2019 alitwaa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika, nchini Ubelgiji. Kila hatua ilimbadilisha. Gemu likiweza kufanya hivyo, ofa nono ikija kwa kinda wako dirisha la usajili likikaribia kufungwa, utalazimika kuamua bila kujua jibu.