Ile Jumamosi tulipofunga madaftari tukaenda kuezeka kwa hawe

Nianze na kisa halafu nitawaambia kinachonikera. Mi ni katekista wa kujitolea hapa Malindi, kigango chetu kiko huku pembeni njia ya Muyeye, na kila Jumamosi asubuhi nakuwa na watoto wa kipaimara ishirini na kitu. Mwezi wa nne mvua ndo imeanza kuchapa, nikawauliza matendo saba ya huruma ya kimwili wakanitiririshia yote bila kukwama, kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kukaribisha wasio na makao, kutembelea wagonjwa, kutembelea wafungwa, kuzika wafu. Kijana mmoja aliyataja kwa pumzi moja kama anasoma tangazo la redio. Nikafurahi kweli. Halafu nikauliza, haya, wiki hii nani amefanya hata moja? Kimya. Wengine wakaanza kukagua kucha zao.

Sasa nyuma ya kigango, hata dakika tano hazifiki, kuna hawe mmoja, yaani bibi kwa lugha ya huku, anaishi peke yake na nyumba yake ya udongo, makuti ya upande mmoja yameoza mpaka ukisimama ndani unaona mawingu. Kila Jumapili sisi sote tunapita hapo na nguo zetu za kanisani. Hata mimi, usinicheke, nilikuwa napita, nasalimia "hawe hujambo" naendelea na safari.

Nikawaambia fungeni madaftari twendeni. Hapo ndo nikajua kuna somo sijalifundisha. Nusu ya klasi haikutaka kwenda. Mmoja akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, mwalimu, yule hawe ana macho mekundu.

Kama wewe si wa Kilifi huenda hujashika hapo, lakini wa huku ameshaelewa. Macho mekundu na mvi huku kwetu vimeshaua watu. Wazee wanaitwa wachawi, wanakatwa mapanga usiku, na ukichimba kidogo unakuta nyuma yake kuna shamba linalogombaniwa, kuna mtoto au mpwa anataka kuuza. Mpaka kule Ganze kuna Kaya Godoma ambapo wazee waliotishiwa kuuawa wamepewa hifadhi, yaani mtu amezaa amelea amezeeka halafu uzeeni anakimbia nyumba yake mwenyewe. Na hao wanaotishia wengi ni waumini, tusidanganyane, Jumapili wako kanisani na Ijumaa wako msikitini. Macho ya huyu hawe ni mekundu kwa sababu anapikia kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kaa humo nusu saa uone kama yako yatabaki meupe.

Basi tukaenda. Mi nilidhani tunaenda kumsaidia mtu, kumbe katika watoto ishirini na kitu wa Malindi, mji wa minazi, hakuna hata mmoja anayejua kushona kuti. Hawe akatoka akaketi kwenye gogo akatutazama tunavyohangaika. Jani unalikunja juu ya ufito, lingine linalala juu yake kidogo, halafu unalishona likaze, sisi tulikuwa tunayaachanisha yanakaa kama meno ya mzee. Akavumilia weee mpaka akashindwa: "Hivyo mnashona makuti ama mnafunga mbuzi?" Akamnyang'anya yule yule aliyeninong'oneza habari ya macho mekundu ufito wake akamwonyesha, pole pole, vidole vimepinda kwa baridi yabisi lakini haviendi kombo. Yule kijana akakaa chini karibu yake. Hakuhama mpaka saa saba. Jirani, Bi mmoja wa Kiislamu, akatuletea mahamri na mbaazi bila kuulizwa, akatuambia tusimshukuru maana tumemwondolea aibu yeye kama jirani. Hilo neno limenikaa mpaka leo.

Sasa kero yangu. Jioni hiyo hiyo mzazi mmoja akanipigia simu na moto, ati mtoto wake amemtuma kusoma dini si kufanya kibarua, na tena kwa nani? Kwa yule? Nikamwambia mama, hii ndo dini yenyewe, akanikatia. Na si yeye peke yake, kwenye grupu la wazazi kulikuwa na wengine wanauliza mtihani wa kipaimara watapita vipi kama Jumamosi nzima imeishia kwenye makuti. Sikujibu, nilikuwa na malengelenge mkononi.

Mi naona tumeifanya elimu ya Kikristo kuwa elimu ya kujibu maswali. Angalia CRE, somo la dini ya Kikristo sekondari, taja njia tano ambazo Mkristo anaweza kuwasaidia wazee, mtoto anazitaja zote tano, anapata alama zote tano, na bibi yake mwenyewe hajatekewa maji. Sisemi mafundisho hayana maana, mtu asinielewe vibaya, kama hujui Maandiko mhubiri yeyote mwenye spika kubwa atakubeba. Lakini kuyajua peke yake pia hakutoshi, na sisi wa Malindi tumeliona hilo kwa macho yetu. Mwaka 2023 kule msitu wa Shakahola, ambako waumini waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikaletwa mochari ya hapa hapa mjini, na mistari ya Biblia haikuwa imepungua kule. Siwahukumu marehemu, kati yao kulikuwa na watoto wadogo kabisa. Ila mafundisho yoyote yanayokutoa kwa majirani zako, yanayomtoa mtoto shule na mgonjwa hospitali, mi sihitaji kusubiri mwisho wake nijue ni mabaya. Kanisa la kwanza kwenye Matendo ya Mitume walikuwa wanamega mkate na kugawana mali, na wajane wa Kiyunani waliposahaulika katika huduma ya kila siku wakachaguliwa watu saba kushughulikia hilo jambo. Waliolalamika kwa ajili ya wajane hao walisikizwa. Hakuna aliyeuliza macho yao yana rangi gani.

Jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini wa mtaa mmoja, maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizikazia miaka ya 1970 wakitaka kanisa liishi mtaani kati ya watu. Jumuiya zetu nyingi siku hizi zimebaki rozari, mchango, faini ya kuchelewa na chai. Chai ni nzuri, siikatai. Lakini yule hawe yuko ndani ya mipaka ya jumuiya yetu na jina lake halikuwa kwenye daftari, kwa sababu hatoi mchango.

Wanaopita kule baharini wanalijua lile kanisa dogo la Wareno, jeupe, la makuti. Mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na kwenye barua yake aliandika kwamba walimzika hapa mtu wa melini mwao na Waislamu wa mji wakapendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao. Mahubiri sikuyataja hapo, nimesema kuzika. (Barua hiyo hiyo inaeleza Mwislamu mmoja wa heshima alivyolalamika kwamba katika misikiti 17 ya mji watu wanaenda mitatu tu, yaani haya malalamiko ya watu wameacha ibada hayakuanza na simu za mkononi.)

Sasa na serikali nayo imeingiza huduma kwa jamii kama somo la lazima sekondari ya juu, kuanzia hawa wa Gredi 10 walioanza 2026. Ni jambo zuri ila roho yangu ina wasiwasi, nawajua watu wetu, itakuwa ni bango, tisheti, picha za kupeana unga, na faili la kumwonyesha mwalimu. Tulipokuwa kwa hawe msichana mmoja alitoa simu apige picha, hawe akajifunika uso na leso. Nikamwambia airudishe mfukoni. Nadhani hicho ndo kipindi kifupi zaidi nimewahi kufundisha.

Upande wa jikoni bado haujaezekwa, makuti yalituishia. Jumamosi hii tunaanza saa mbili, hawe amesema tuje na fito zilizonyooka si kama zile za mara ya kwanza. Yule mama wa simu bado hajamruhusu mwanawe, nimempigia mara mbili hashiki, kesho nitapita kwake mwenyewe nikitoka misa.